Lango Kuu Liko Kwenye Mkonge

Nchi ninayotaka kuisimulia siitaji jina. Si kwamba naogopa. Ni kwamba jina lake limebadilishwa mara nne tangu nizaliwe, na kila lilipobadilishwa, waliokuwa bado wanatumia la zamani walikamatwa kwa kosa la kuchelewa. Wewe msomaji unakaa nchi nyingine, yenye akili zake. Basi soma kwa raha, ucheke, umshukuru Mungu kwamba kwenu mambo haya hakuna.

Katika nchi hiyo wizara ni nyingi, maana mawaziri ni wengi na kila mmoja lazima apewe kitu cha kusimamia. Ipo Wizara ya Matarajio. Ipo Wizara ya Subira, na hiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Halafu ipo Wizara ya Mwelekeo, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kila mwananchi anajua anakokwenda, hata kama hafiki. Waziri wake ni Mheshimiwa Profesa Daktari Mkadam Shundi. Uprofesa alipewa na chuo siku aliyokuja kukikagua, na udaktari alijiongezea mwenyewe njiani akirudi.

Chuo chenyewe kinaitwa Chuo Kikuu cha Upeo. Mimi nilikuwa mfagiaji pale miaka ishirini na miwili, kwa hiyo unaweza kusema nimepita vitivo vyote.

Zamani mgeni akija chuoni hakukuta kibao wala mshale. Mzazi kaja na mwanawe kutoka mbali, kashika bahasha, anashangaa tu. Anafanyaje? Anauliza. Na wa kumuuliza alikuwa mke wangu. Mama Zaituni alikaa langoni, upande wa kushoto ukiingia, chini ya mwavuli wa kijani wenye picha ya sabuni, anakaanga vitumbua. Mkono mmoja unageuza kitumbua, wa pili unaelekeza.

"Maktaba? Nenda mpaka palipokuwa na kibanda cha simu, pinda kulia. Ukifika ulipokuwa mpera wa Mzee Mbaruku, uliza tena."

Kibanda cha simu kiling'olewa mwaka aliozaliwa binti yetu Zaituni. Mpera uliungua na radi kabla ya hapo. Lakini hakuna mgeni aliyepotea, maana ndivyo tunavyoelekezana kwetu: kwa vitu vilivyokuwepo. Kila mtu anavikumbuka, na asiyevikumbuka anamuuliza anayevikumbuka, wanasalimiana, wanajuana, mgeni anafika amekwisha kuwa mwenyeji. Hata stoo yangu ya mafagio ilikuwa na anwani: nyuma ya kwa Mama Zaituni.

Sasa Mheshimiwa Shundi akasafiri. Huko alikokwenda akakuta chuo ambacho wageni hutembea peke yao na simu mkononi. Ramani imo ndani ya simu na inasema nao. Inamwonyesha mzazi maktaba ilipo, inamwambia mwanafunzi mwenye kiti cha magurudumu njia isiyo na ngazi, inampa kila mtu nafasi ya kutazama anachotaka kwa mwendo wake, bila kuburutwa kwenye kundi la watu mia na kipaza sauti. Kitu kizuri, sikatai. Ningekuwa huko ningepiga makofi kuliko yeye.

Akarudi, akaunda kamati. Kamati ya watu kumi na saba ilikuja na kanda za kupimia, ikazunguka chuo siku tatu ikipiga picha. Nakumbuka walipiga picha maktaba siku ambayo vitabu vilikuwa vimeanikwa kwenye kamba, maana ilinyesha usiku wake na paa la maktaba lilikuwa na upendo sana na mvua. Wakapiga picha bweni la wavulana. Vyoo wakavipiga kwa mbali.

Mheshimiwa alipoletewa picha alitazama ile ya kwanza, akauliza, "Hiki ni chuo au ni mahali wanapokaushia samaki?"

"Ni chuo, mheshimiwa."

"Na hii ndiyo dunia nzima iione kwenye simu zao?"

Hapo yakawa mambo mawili: ama watengeneze chuo, ama watengeneze ramani. Kamati ikakaa hotelini siku tisa ikilipima hilo kwa makini, ikagundua kwamba ramani ndiyo nyepesi. Wakatoa kabatini Mpango wa Miaka Hamsini, wenye maktaba ya ghorofa tisa na bwawa la kuogelea na mnara wa kengele, wakauchukua wote jinsi ulivyo, wakautia kwenye simu.

Siku ya uzinduzi tulifagia tangu alfajiri. Mheshimiwa akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Wenzetu wanachora ramani ya pale walipo. Hao ni watu wa kukaa! Sisi tunachora ramani ya tunakokwenda! Kuanzia leo hakuna atakayepotea katika nchi hii! Na yeyote atakayejiona amepotea, ajue kwamba ramani iko sahihi, ila yeye ndiye amesimama mahali pasipostahili!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Wiki ile ile ikatoka Sheria ya Mahali, fupi, ya kifungu kimoja: mahali ni pale ambapo ramani inapatambua. Pengine pote hapapo.

Mimi nikaondolewa kazini kwa heshima zote. Barua ilieleza kwamba kwenye ramani majengo yanafagiliwa na mashine.

*

Hili la pili nitalisema kwa kifupi.

Mama Zaituni alianguka langoni siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kitumbua kikiwa kwenye kikaango. Nilikuwepo. Nilikuwa nimemletea maji. Watu wakapiga simu zahanati ya chuo, na zahanati ikatoa gari la wagonjwa mara moja. Nasema mara moja kwa sababu ni kweli, na mimi sisemi uongo juu ya serikali.

Dereva wa gari lile akiitwa Kibwe. Kila asubuhi alikula vitumbua vinne kwa mke wangu, na Ijumaa vitano. Lakini aliyekuwa dereva kabla yake alifukuzwa kazi kwa kosa la kutegemea macho. Kwenye simu ya Kibwe, ramani ilisema mgonjwa yuko Lango Kuu. Na Lango Kuu la kwenye ramani haliko langoni. Liko kilomita mbili mbele, katikati ya shamba la mkonge, mahali ambapo Mpango wa Miaka Hamsini unasema litajengwa, lenye nguzo za marumaru na simba wawili.

Nililisikia gari linakuja. Nikasimama katikati ya barabara na mikono juu. Kibwe akapunguza mwendo, akanikwepa taratibu kwa adabu. Alituona. Alimwona Mama Zaituni amelala kwenye khanga. Alinitazama usoni, bwana, akanipungia mkono, akaendelea mbele na king'ora chake kuelekea kwenye mkonge.

Ripoti ilitoka baada ya mwezi. Ilisema gari lilifika eneo la tukio kwa dakika sita, jambo ambalo halijapata kutokea katika historia ya chuo, na kwamba mgonjwa hakuhudhuria. Kibwe alipewa cheti, akapandishwa cheo, akawa dereva wa waziri.

Ninawashukuru wote. Tuendelee.

*

Ikapita miaka mitatu. Langoni pale sikukanyaga tena, na nilipokuwa kwenye basi linalopita njia ile nilikuwa nageuza uso upande wa pili. Zaituni akamaliza kidato cha sita, akachaguliwa Chuo Kikuu cha Upeo kusomea uuguzi. Barua ilisema aje mwenyewe na mzazi kwenye Siku ya Kukijua Chuo, afanye ziara ya kujiongoza kwa ramani ya kidijitali, apite vituo vyote, kisha aandikishwe na msajili siku hiyo hiyo. Usajili ungefungwa saa kumi jioni kwa kengele ya chuo, itakayopigwa na mgeni rasmi, Mheshimiwa Shundi. Ambaye hakuandikishwa kabla ya kengele, nafasi yake itakwenda kwenye Orodha ya Akiba.

Orodha ya Akiba kwetu kila mtu anaijua. Ni watoto wa shangazi za wakubwa.

Kuhusu mgeni rasmi lazima nikueleze, maana kwenu huenda haiko hivyo. Kwetu shughuli haiishi mpaka mgeni rasmi aifunge. Saa si kitu. Nimewahi kwenda kwenye harusi iliyoanza saa nane mchana na haijafungwa hadi leo, kwa kuwa mgeni rasmi aliitwa kwenye kikao. Wale maharusi sasa wana watoto watatu, na kisheria bado wanaoana.

Basi likatushusha kwenye mkonge. Palikuwa na watu kama mia mbili, wazazi na watoto wao, wamesimama kati ya mistari ya mkonge na viatu vya sikukuu. Simu ya Zaituni ikasema kwa sauti ya mwanamke aliyeshiba: "Karibu Lango Kuu. Tafadhali wapishe simba."

Kila kundi lilikuwa na afisa wake. Wetu akaja, mama wa makamo, kofia ya wizara kichwani, jalada kwapani.

"Shikamoo, baba. Mimi naitwa Sikudhani. Ni Msimamizi wa Ziara ya Kujiongoza."

"Marahaba. Sasa mama, kama tunajiongoza, wewe unasimamia nini?"

"Nasimamia mjiongoze."

"Na tukipotea?"

"Hamwezi kupotea, baba. Ila mkipotea siruhusiwi kuwaelekeza. Kanuni inasema nitembee nyuma, hatua tano. Niko nyuma yenu." Akasogea nyuma hatua tano, akazihesabu. Kisha akakohoa.

Zaituni alikuwa ameshaanza kwenda kulia. Akasimama. Bi Sikudhani akakohoa tena, akitazama kushoto. Tukaenda kushoto. Kikohozi kikapona.

Ndivyo tulivyotembea siku ile. Mara moja kushoto, mara mbili kulia. Kanuni ilikataza maneno, haikukataza kifua.

Kituo cha kwanza kilikuwa Maktaba ya Ghorofa Tisa. Tukafika kwenye shamba la mihogo la makamu wa mkuu wa chuo. Simu ikasema: "Karibu maktaba. Tafadhali punguza sauti." Watu mia mbili wakaanza kunong'ona ndani ya mihogo. Baba mmoja akapiga chafya, wenzake wakamtazama kwa jicho baya.

"Sasa panda lifti hadi ghorofa ya tano," simu ikasema.

Tukasubiri.

"Bi Sikudhani," nikanong'ona, "tunasubiri nini?"

"Lifti, baba. Ina foleni."

"Na ikija tutaijuaje?"

"Simu itasema."

Baada ya dakika nne simu ikasema tumefika ghorofa ya tano, na tukitazama dirishani tutaiona bahari. Bahari kutoka kwetu ni siku mbili kwa gari. Mama mmoja akasema anaiona. Mumewe akamuuliza ni ya rangi gani, akasema, "Wewe nyamaza, wasije wakatuandika."

Kwenye bwawa la kuogelea tulivua viatu, na miiba yake naikumbuka. Kwenye ukumbi wa watu elfu tano tulikaa chini kwa mistari tukasikiliza salamu za Mheshimiwa kutoka kwenye simu, zote kwa pamoja lakini kila simu na sekunde zake, ikawa kama mawaziri mia mbili wanasema kwa mpigo. Na njia nzima tulipita pembeni ya chuo chenyewe. Nikayaona madarasa yale yale niliyofagia, mlango wa maabara uliofungwa kwa waya, hata wanafunzi wakichungulia madirishani. Zaituni akataka kuwasalimia.

"Tazama mbele, mwanangu," nikamwambia. "Hao hawapo."

"Baba, naumwa na tumbo. Choo kile pale."

Bi Sikudhani akasema kwa huzuni kwamba choo kile hakitambuliwi, na kwamba kinachotambuliwa kiko ghorofa ya sita ya maktaba. Kisha akageuka akatazama mawingu kwa muda mrefu sana, na akavuta jalada likafunika uso. Zaituni akakimbia. Mungu amlipe yule mama.

Kituo cha kumi na mbili, cha mwisho, kilikuwa Jengo la Usajili. Saa tisa na robo tukafika. Lilikuwa shimo. Shimo refu la msingi, lililochimbwa mwaka wa uchaguzi, limejaa maji ya kijani na vyura ndani yake.

"Hongera," simu ikasema. "Umefika Jengo la Usajili. Tafadhali ingia."

Hakuna aliyecheka tena. Watu wakazunguka shimo na bahasha zao. Baba mmoja aliyevaa kanzu akamwinamia chura akasema, "Samahani, bwana msajili yupo?" Zaituni akanishika mkono.

"Baba, saa kumi anafunga."

"Najua."

"Wakinipa akiba sitasoma tena. Si unajua? Mwaka kesho wanachukua wapya."

Nilijua. Nilikuwa nimemuahidi mama yake mambo mawili tu, kwamba atapona na kwamba mtoto atasoma, na la kwanza lilikuwa limeshanishinda pale barabarani. Nikamgeukia Bi Sikudhani. Sikumsemesha kama afisa.

"Dada yangu. Msajili anakaa wapi?"

"Anakaa hapo, baba. Ghorofa ya pili."

"Anakaa wapi, mama? Kiti chake, makalio yake, yako wapi?"

Akatazama kushoto na kulia. Macho yakamjaa maji, sijui ya huruma au ya kikohozi alichokuwa anakibana. Akakohoa, mara moja, kwa nguvu, akitazama chini kule barabara kuu. Akakohoa tena akinitazama mimi, kama mtu anayeomba radhi. Nikafuata macho yake. Kule mwisho ni langoni. Lango la zamani, la bomba.

"Stoo ya mafagio?" nikasema.

Kikohozi.

"Nyuma ya kwa Mama Zaituni?"

Bi Sikudhani akakohoa mpaka kofia ikamdondoka.

Nikapaza sauti, nami sina sauti ndogo. "Jamani! Msajili yuko stoo ya mafagio! Nyuma ya kwa Mama Zaituni!"

Basi, ungeona. Wale wa mjini, wa vijiji vya jirani, walioleta kaka zao na dada zao miaka ya nyuma, wakaelewa papo hapo. "Kwa Mama Zaituni! Wa vitumbua!" Watu wakakunja nguo wakakimbia, na simu zikiwapigia kelele mifukoni: "Umetoka nje ya chuo! Geuka nyuma! Hupo! Hupo!"

*

Zaituni na mimi tulikuwa wa mbele. Lakini tulipofika langoni nikaacha kukimbia.

Palikuwa hapana kitu pale. Mwavuli ulikwenda siku nyingi. Yalibaki mafiga matatu, meusi, na katikati yake majani yameota. Nikasimama. Watu wakatupita, wakatupita, huku Zaituni amenishika mkono hataki kuniacha.

"Nenda, mwanangu. Kapange foleni."

"Tutakwenda wote, baba."

"Nenda!"

Alipoondoka alikuwa wa sabini na nne. Kwa ajili yangu. Foleni ilitoka mlangoni pa stoo, ikazunguka ukuta. Ndani nilimwona Bwana Hizza, msajili, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, kakaa juu ya ndoo yangu niliyokuwa nadekia, daftari kwenye magoti, muhuri mkononi. Alikuwa amejificha pale tangu ofisi yake ilipofutwa, akiandikisha watu kimya kimya kila mwaka. Barazani kwake, kwenye mti wa paa, imetundikwa kengele ya chuo, ambayo ni ringi ya lori. Kwenye ramani ndiyo mnara wa mita arobaini. Bwana Hizza aliandika kwa mkono, taratibu, kila herufi na heshima yake. Nikahesabu mwendo wake. Saa kumi itamkuta yuko kwa mtu wa hamsini.

Wazazi wengine walikuwa bado wanakuja wamechanganyikiwa. "Mzee, msajili wapi?" Nikanyoosha mkono. "Zunguka hapo nyuma, mlango wa bati." Mwingine akaja. "Mzee, maji ya kunywa?" "Palipokuwa na kibanda cha simu, pinda kushoto, kuna bomba." Sikukumbuka lini nilianza. Nilishtuka nimesimama upande wa kushoto ukiingia, kati ya mafiga, naelekeza watu.

Saa kumi kasoro dakika kumi tukasikia ving'ora.

Msafara wa Mheshimiwa ulitoka mjini, magari sita meusi, na barabara ya mjini inapita langoni kwanza kabla ya kwenda kwenye mkonge. Gari la mbele likapunguza mwendo. Likasimama. Kioo kikashuka, na aliyekuwa nyuma ya usukani ni Kibwe. Kanenepa. Akaona foleni, akaona stoo, akaiona ringi ya lori imetundikwa. Akaniona mimi.

"Mzee," akasema, hakulitaja jina langu. "Usajili si uko hapa?"

Nyuma yake Mheshimiwa Shundi alikuwa na simu mkononi. "Kuna nini, Kibwe?"

"Mheshimiwa, ramani inasema tuendelee mbele. Ila watu nawaona hapa. Na kengele naiona."

Sikiliza, msomaji. Miaka mitatu nimeomba mtu yule ayatumie macho yake. Siku anayoyatumia ndiyo siku hii.

Mheshimiwa akashusha kioo chake. "Mzee, hapa ni wapi?"

Nikaivua kofia yangu. "Hapa si mahali, mheshimiwa."

"Si mahali?"

"Hapapo. Sheria yako mwenyewe, kifungu cha kwanza. Hakuna kingine."

"Na hawa watu?"

"Hawapo pia. Wamesimama mahali pasipostahili. Sisi ni watu wa kukaa, mheshimiwa. Watu wanaokwenda mbele wanakusubiri Lango Kuu, wamejipanga, na bendi. Mnara wa kengele unaonekana tangu mbali."

Uso wake ukang'aa. Mtu akirudishiwa maneno yake mwenyewe hupenda sana. "Mwananchi mwenye uelewa," akawaambia waliokuwa naye. "Mmeona? Hata wazee wameipokea."

Kibwe hakutoa gari. Alikuwa ananitazama. Akatazama mafiga miguuni pangu, akatazama barabara, pale pale niliposimama siku ile na mikono juu. "Baba Zaituni," akasema polepole, "mimi siku ile..."

"Fuata ramani, mwanangu," nikamwambia. "Usije ukafukuzwa."

Akapandisha kioo. Gari likaondoka taratibu kwa adabu, na mengine matano nyuma yake. Nami nikanyanyua mkono, nikampungia.

*

Walifika kwenye mkonge saa kumi kamili, kwa mujibu wa simu. "Karibu Lango Kuu. Tafadhali wapishe simba." Hapakuwa na mtu. Wakaingia ndani zaidi kuutafuta mnara wa kengele, na magari yakanasa kwenye udongo, moja baada ya jingine, yakitii. Na Mheshimiwa hakuweza kusema amepotea. Angesemaje? Ramani ilikuwa inamwambia amefika.

Jua likamchoma, presha ikashuka. Wakaita gari la wagonjwa. Nalo likaenda moja kwa moja Lango Kuu kwa dakika sita, likamkuta, likamtia maji ya mshipa, akapona. Kwa hiyo mtu asiniambie ramani ile haifanyi kazi. Inafanya kazi vizuri kabisa, kwa wanaoishi ndani yake.

Huku kwetu kengele haikupigwa. Saa kumi ikapita, kumi na moja ikapita. Wakuu wa chuo wakazunguka na suti zao wakiulizana mgeni rasmi kafika wapi. Kufunga bila yeye ni kosa la kinidhamu, na hakuna aliyethubutu hata kuisogelea ile ringi. Bwana Hizza akaendelea kuandika, kila herufi na heshima yake. Hamsini. Sitini. Sabini.

Sabini na nne.

Nilisogea dirishani nikasikia. Fomu ina kisanduku kinachouliza: *Aliyekuongoza*. Zaituni alikuwa ameandika: *Mama*.

"Hapa, binti, wenzako wote wanaandika 'mimi mwenyewe'," Bwana Hizza akasema. "Ni ziara ya kujiongoza."

"Lakini si kweli, babu."

"Mama yako yuko wapi?"

"Hapo langoni."

Bwana Hizza akainuka kwenye ndoo, akachungulia nje. Akayaona mafiga, na mimi nimesimama dirishani na kofia mkononi. Alikuwa mlaji wa vitumbua vitatu, na chai ya rangi. Akakaa. Akapuliza muhuri, akaugandamiza kwa mikono miwili kama mtu anayefunga jeraha.

Waliandikishwa watoto wote. Gazeti la kesho yake lilisema Siku ya Kukijua Chuo ilifana, na mgeni rasmi alipokewa na mandhari ya kuvutia. Ila hakuna popote paliposema ilifungwa. Kwa hiyo kisheria Siku ile inaendelea hadi leo, usajili uko wazi, na ukiwa na mtoto mlete.

Zaituni yuko mwaka wa pili sasa. Jumamosi humpelekea maharage na mkaa, na nikishatoka kwake huwa naenda kusimama kidogo pale langoni, upande wa kushoto. Bi Sikudhani akipita hukohoa mara tatu, ndiyo salamu yetu. Mtu akija na bahasha yake akaniuliza, namwelekeza mpaka afike. Akija na ramani, nampungia mkono.